Gari la Umeme la Kukodi (Sehemu ya Pili): Matairi na Rimu za Barabara ya Mpakani

Wiki iliyopita tuliusoma mkataba wa kukodi kifungu kwa kifungu: bima ni ya nani, betri ikizeeka inakuwaje, kilomita zikipita kiwango mtu anatozwa vipi. Leo twende kwenye matairi. Mikataba mingi ya aina hii huyahesabu kuwa kitu kinacholika kwa matumizi, na gharama yake humwangukia aliyekodi. Kwa gari la umeme gharama hiyo hufika mapema. Betri hulifanya gari liwe zito kuliko la petroli la kimo chake, na mota hutoa nguvu papo hapo unapokanyaga, kwa hiyo mpira husagika haraka, hasa kwenye magurudumu yanayolivuta gari.

Mfano wangu ni Nissan Leaf, gari lililoingia sokoni Desemba 2010 na ambalo NopeaRide waliliendesha walipoanzisha teksi za umeme Nairobi mwaka 2018. Vizazi vyake viwili vya kwanza vilitoka kiwandani na saizi mbili: 205/55R16 au 215/50R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi la rimu 16 lina ubavu wa milimita 113 hivi. Sasa kuna vijana wa rimu watakaokushawishi uvae 225/40R18, na watakuambia linaingia bila kugusa. Ni kweli, kwa kuwa kipenyo cha gurudumu zima kinatofautiana na cha awali kwa milimita 5 tu. Lakini ubavu umebaki milimita 90. Mpira uliokuwa ukikinga chuma dhidi ya shimo umepungua kwa zaidi ya sentimita 2.

Yeyote aliyepita barabara ya kuingia Malaba, ambako malori hujipanga kungoja forodha huku yakizibonyeza kingo za lami kwa uzito wake, anajua shimo hilo liko wapi. Nashauri bila kusita: hapa mpakani chagua rimu ndogo kabisa ambayo kiwanda kimeiruhusu. Ni nyepesi, tairi lake ni rahisi, na chaji hukufikisha mbali zaidi. Wala usiazime rimu za Fielder ya jirani. Nyingi zina nati 4, na Leaf ina 5.

Kipimo kisichofaa huleta hasara nyingine ambayo wengi hawaioni. Mita ya kilomita huhesabu mizunguko ya gurudumu. Tuseme duka limekosa 205/55R16 ukauziwa 195/55R16. Gurudumu limepungua kipenyo, litazunguka mara nyingi zaidi, na ukitembea kilomita 20,000 mita itaandika karibu 20,350. Mkataba ukitoza kila kilomita ya ziada, utalipia kilomita 350 ambazo hukuzisafiri. Ukivaa kubwa kuliko ilivyopangwa, mita itapunguza hesabu, na hapo mwenye gari ndiye atakayekuwa na haki ya kulalamika.

Baada ya saizi, tazama namba ya uzito. 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hata kama tairi linaingia vizuri. Kibandiko hicho hicho kinataja presha. Leaf za kwanza zimeandikiwa PSI 36, na fundi aliyezoea kujaza 30 kila gari anakula chaji yako bila kujua.

Tangu Sameer Africa ifunge kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016, kile kilichotengeneza Yana, tunategemea sana matairi ya kutoka nje. Ndiyo maana macho huvuka haraka kwenda Busia ya Uganda kutafuta bei. Elewa kwamba hati nyepesi ya forodha kwa wafanyabiashara wadogo ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tairi la China halibadiliki kuwa la Jumuiya kwa kupitia Kampala. Popote ununuapo, soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa miaka mingi juani mbele ya duka limekauka hata kama halijawahi kugusa lami.

Linalonikosesha usingizi hasa ni jeki. Leaf nyingi za Japani huja bila tairi la akiba, zikiwa na chupa ya gundi na pampu ndogo tu, kwa hiyo pancha ikitokea karibu na Alupe unaishia kwa fundi wa kando ya barabara. Amezoea kusukuma jeki chini ya gari popote penye chuma. Chini ya gari la umeme, bamba hilo pana la katikati ni kasha la betri. Likibonyea, umeharibu kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari, tena kisicho chako. Shuka, muonyeshe mwenyewe sehemu zilizowekewa alama kwenye kingo, nyuma ya gurudumu la mbele na mbele ya lile la nyuma, na usiondoke mpaka gari lishuke.

Kabla ya kubadili saizi yoyote, pata ruhusa ya mwenye gari kwa maandishi. Neno la simu halitakusaidia siku ya kurudisha. Badilisha matairi mawili ya ekseli moja kwa pamoja, na uhamishe ya mbele nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Hifadhi risiti yenye saizi na namba ya DOT. Siku ya makabidhiano mkaguzi atatazama vijinundu vilivyo ndani ya mifereji ya tairi, vyenye kimo cha milimita 1.6. Mpira ukiwa sawa navyo, utalipishwa tairi jipya kwa bei atakayoipanga yeye.

Wiki ijayo: pikipiki za umeme ambazo betri yake hubaki mali ya kampuni.