Sauti Isiyo na Maneno



Mwalimu mmoja ametuuliza swali, nasi twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Asema, "Wimbo wa kanisani una maneno, nayo maneno hufundisha. Lakini kinanda, zeze au filimbi, ikipigwa peke yake pasipo mwimbaji, yafundisha nini? Je, si kupoteza wakati katika nyumba ya Kikristo?"

Swali hili limetuchoma, kwa kuwa nyumbani kwetu lilijibiwa zamani, tena lilijibiwa vibaya. Babu yetu ni Mgogo, naye alikuwa na ilimba yake, sanduku la mti lenye ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole, na tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Alipobatizwa, sisi vijana tulimwambia, "Babu, hicho ni kitu cha ujinga; sasa tunacho kitabu cha nyimbo." Hakubishana nasi. Aliitundika ukutani, ikakaa kimya miaka mingi.

Na tuanze na Maandiko. Mfalme Sauli alipotaabishwa na roho mbaya, Daudi alikipiga kinubi, na mfalme akapata nafuu (1 Samweli 16). Hatusomi hapo kwamba Daudi aliimba neno lo lote. Elisha naye, alipotakiwa kunena neno la Bwana, aliagiza kwanza aletwe mpiga kinanda, ndipo akatabiri (2 Wafalme 3). Na Zaburi ya 150, inapotaja vyombo vya kumsifia Mungu, katika Biblia yetu ya Kiswahili yataja zeze pamoja na baragumu na matoazi. Waliofasiri hawakuona haya kuliandika neno hilo.

Sasa twapenda kuwashirikisha nyimbo tatu tuzipendazo sana, za nyakati mbalimbali na za namna mbalimbali.

Ya kwanza ni ya Johann Sebastian Bach, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1685, akafiwa na wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka 11. Yapata mwaka 1720 aliandika mafungu sita ya nyimbo za selo, chombo kikubwa cha nyuzi nne kipigwacho kwa upinde. Chombo kimoja tu, hakuna kingine cha kukisaidia. Watu wengi waliziona kuwa mazoezi ya wanafunzi tu. Mwaka 1890 kijana wa Hispania, Pablo Casals, mwana wa mpiga kinanda wa kanisa, alizikuta katika duka la vitabu vya muziki mjini Barcelona. Alijifunza miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga fungu zima mbele ya watu. Baadaye, kati ya mwaka 1936 na 1939, alizitia katika sahani za santuri, na dunia ikazisikia. Tazameni subira hiyo!

Ya pili ni simfoni ya sita ya Ludwig van Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Wakati huo masikio ya mtunzi yalikuwa yamekwisha kuharibika, walakini ndani yake mna mlio wa ndege watatu, kijito kinachotiririka, tufani yenye radi, na mwisho shukrani ya wachungaji tufani ikiisha kupita.

Ya tatu ni ya juzi tu. John Coltrane wa Marekani alikuwa mpiga saksafoni, na babu zake wote wawili walikuwa wachungaji wa kanisa. Alifungwa na ulevi na dawa mbaya, na mwaka 1957 akafunguliwa, akasema ni kwa neema ya Mungu. Tarehe 9 Desemba 1964 alipiga muziki wa shukrani wenye sehemu nne, na ya nne aliiita Zaburi. Alikuwa ameandika sala, lakini katika sehemu hiyo hakuisema kwa kinywa. Aliipiga kwa saksafoni, neno kwa neno, kama msomaji asomaye polepole. Imani yake haikuwa kama yetu katika kila jambo. Walakini shukrani ile yasikika.

Jioni moja tulizisikiliza nyimbo hizo nyumbani. Babu alikuwa ameketi mlangoni, nasi tulidhani amelala. Tufani ya Beethoven ilipokwisha na filimbi kuingia, alisema taratibu, "Mvua imepita. Sasa watoa ng'ombe." Hakuna aliyekuwa amemweleza neno. Tukatazamana kwa haya. Sisi ndio tuliomwambia kwamba ilimba yake haisemi kitu.

Tuliishusha ukutani. Utando ulikuwa umetoboka, na wajukuu wakaenda kutafuta mwingine. Vidole vyake vilikuwa vizito, akakosea, akaanza tena. Tulipomwuliza wimbo ule ni wa nini, alijibu, "Niliupiga machungani nikiwa peke yangu. Nilikuwa nashukuru, ila sikumjua bado wa kumshukuru."

Basi, mwalimu wetu, jibu letu ni hili. Maneno hufundisha akili, nasi hatuachi kitabu cha nyimbo. Lakini moyo unayo mambo yasiyopata maneno, nayo Mungu huyasikia pia. Hatusemi kila muziki wafaa. Uonao unakuvuta katika ulevi na ugomvi, uuache. Uliobaki, usiuhukumu kabla ya kuusikiliza.

Twawashauri wazazi wafanye hivi: jioni moja katika mwezi, kila mtu wa nyumbani alete wimbo mmoja usio na maneno aupendao, kwa chombo au kwa simu. Mzee alete wake, kijana alete wake. Wote wanyamaze mpaka mwisho. Asiwepo wa kucheka. Kisha aliyeuleta aseme kwa nini aupenda. Na kama nyumbani mwenu kuna chombo kilichotundikwa ukutani, kishusheni mapema, maadamu mwenye kukipiga yu hai.