Je, Wajua? Mgombea mwenza wa siku 18

JE, WAJUA kwamba Abraham Lincoln aliwahi kuzidiwa na huzuni hadi rafiki yake, Joshua Speed, akamwondolea nyembe na visu? Ilikuwa Januari 1841, mjini Springfield, Illinois, baada ya uchumba wake na Mary Todd kuvunjika. Habari hazikufichika. Hata hivyo, mwaka 1860 alichaguliwa kuwa rais wa Marekani. Simanzi yake watu waliisoma usoni, wakaiona ni tabia yake tu.

JE, WAJUA kwamba mwaka 1972, katika nchi hiyohiyo, sonona ilimwangusha mgombea ndani ya siku 18? Julai 13, George McGovern, mgombea urais wa chama cha Democratic, alimteua Seneta Thomas Eagleton wa Missouri kuwa mgombea mwenza. Eagleton hakumwambia kwamba kati ya 1960 na 1966 alilazwa hospitali mara tatu, wala kwamba mara mbili alitibiwa kwa mshtuko wa umeme. Waandishi walipoanza kunusa, Julai 25 alijitokeza huko South Dakota akayasema mwenyewe. McGovern akaapa kwamba anamuunga mkono kwa asilimia 1,000. Julai 31 Eagleton akajiondoa. Naamini neno “umeme” liliwatisha watu kuliko maradhi yenyewe, na hapo alionewa, maana alikuwa amepona na anafanya kazi yake Seneti kila siku. Watu wa Missouri, waliomjua kwa karibu, walimrudisha Seneti mwaka 1974, na tena 1980.

JE, WAJUA kwamba hadi mwaka 2013 sheria ya Uingereza iliweza kumvua ubunge mbunge aliyezuiliwa hospitalini zaidi ya miezi sita kwa ugonjwa wa akili? Mgonjwa wa moyo au figo hakuguswa na sheria hiyo.

JE, WAJUA kwamba waziri mkuu aliye madarakani amewahi kuomba ruhusa ya ugonjwa kwa sababu ya sonona, na kuitaja wazi? Ni Kjell Magne Bondevik wa Norway, ambaye pia ni mchungaji wa Kilutheri. Mwishoni mwa Agosti 1998 ofisi yake ingeweza kusema ana mafua, na nani angebisha? Wananchi wakaambiwa ukweli. Salamu za pole zikamiminika. Baada ya wiki tatu na ushee alirudi kazini, na kuanzia 2001 hadi 2005 alikuwa waziri mkuu kwa mara ya pili.