Karoti Nyeupe na Toleo la 1.6

Nikiwa likizoni Lubudi nilitafsiri mazao ya mchezo wa Stardew Valley kwa Kiswahili, nikayatia ndani ya modi. Zao la kwanza la mchezaji, parsnip, kwetu halilimwi. Nikaliita karoti nyeupe. Machi 2024 likatoka toleo la 1.6, maneno yangu yakatoweka.

Awali jina la zao, bei na maelezo vilikaa mstari mmoja, vikitengwa kwa mikwaju. Toleo jipya limehamishia maneno kwenye faili lao, Strings/Objects, kila neno na ufunguo wake. Modi yangu ilikuwa ikiandika mahali ambapo mchezo hausomi tena.

Kwanza nakili folda ya michezo uliyohifadhi; ukishaicheza katika 1.6, hairudi toleo la nyuma. Ondoa modi zote, weka SMAPI mpya (ndiyo inayozipakia), uzirudishe mojamoja.

Funguo nilizipanga upya kwa jioni mbili. Neno ndilo lililonishinda: 1.6 imeleta karoti halisi, nayo hupandwa majira yaleyale! Mdogo wangu akawa anachanganya mbegu. Sasa nimeandika pasinipi. Mama, mkulima wa mihogo, anauliza hilo ni neno la nani.