Gololi, Daftari Kuukuu na Breki za Gari

Gari ikizidisha kasi yake mara mbili, itahitaji masafa marefu mara ngapi ili isimame? Niliwauliza wenzangu darasani, na wengi wakajibu, "Mara mbili." Jawabu hilo si sahihi, tena ni la khatari kwetu sisi tunaokwenda skuli kwa miguu kando ya barabara ya Chake Chake na Wete. Kwa hivyo nataka kuwaeleza wasomaji namna ya kupanga jaribio dogo la kuuonyesha ukweli, bila ya kungojea vyombo vya maabara.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Kitu kilichowekwa juu kina nishati kwa sababu ya kimo chake. Kikiteremka, nishati hiyo hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Kimo kikizidi mara mbili, nishati huzidi mara mbili. Lakini kasi huzidi kiasi cha mara 1.4 tu. Ili kasi izidi mara mbili, lazima kimo kizidi mara nne.

Vifaa ni hivi: gololi moja, rula, vitabu vichache, mwanzi uliopasuliwa na kukwanguliwa mafundo yake ya ndani uwe mfereji, na kisanduku chepesi kilichokunjwa kwa jalada la daftari kuukuu, kilicho wazi upande mmoja ili kiipokee gololi.

Egemeza mwanzi juu ya vitabu, na kisanduku ukiweke mezani mbele ya mdomo wake. Tia alama tatu kwenye mwanzi, pale ambapo kimo kutoka mezani ni sentimita 5, 10 na 20. Kimo hupimwa wima, wala si kwa kuufuata mwanzi. Iachie gololi bila ya kuisukuma, kisha pima kisanduku kimesogea kiasi gani. Rudia mara tatu kwa kila alama, uchukue wastani.

Sharti kubwa ni kubadilisha jambo moja tu, nalo ni kimo. Gololi, kisanduku, meza na mwinamo wa mwanzi vibaki vile vile. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hutajua lipi lililoleta tafauti.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tusipime kasi kwa saa? Gololi hupita nusu mita kwa muda usiotimia sekunde moja, na mkono wa mtu huchelewa kiasi cha sekunde 0.2. Kosa lingekuwa kubwa mno. Masafa ya kisanduku hupimwa kwa rula, bila ya haraka.

Msuguano wa meza haubadiliki sana, kwa hivyo masafa huifuata nishati. Ikiwa kwa kimo cha sentimita 5 kisanduku kimesogea sentimita 4, basi kwa sentimita 10 tutazamie karibu 8, na kwa 20 karibu 16. Kutoka 5 hadi 20 kasi imezidi mara mbili tu, na masafa yamezidi mara nne!

Jambo hili wataalamu wa Ulaya walilibishania kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba juu ya udongo laini, akaona kuwa kasi ikizidi mara mbili, shimo huwa na kina mara nne. Bibi Émilie du Châtelet wa Ufaransa akalieleza jaribio hilo katika kitabu chake cha mwaka 1740.

Gari nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza huonyesha kuwa gari ya mwendo wa maili 20 kwa saa husimama kwa mita 6 tangu breki zinapokamata; ya maili 40 huhitaji mita 24. Na hapo hayajahesabiwa masafa inayokwenda kabla dereva hajakanyaga breki.

Basi, ndugu zangu, lifanyeni jaribio hili nyumbani, na wadogo zenu walitazame. Na mnapotaka kuvuka barabara, gari inayokuja kwa kasi iacheni ipite kwanza.