Hospitali Mpya Katika Nchi ya Majani Chai: Mwananchi Aulizwe Lini?

Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha mashine za matibabu kwa hospitali 98 kote nchini Kenya. Magavana walilalamika kwamba mkataba ulifungwa bila wao kushirikishwa ipasavyo, na Isaac Ruto, gavana wa Bomet na mwenyekiti wa Baraza la Magavana wakati huo, alikuwa miongoni mwa waliopinga kwa sauti kubwa zaidi. Mashine zilipofika, baadhi zilikaa bure kwa sababu hospitali zilizopewa hazikuwa na wataalamu wa kuziendesha, au umeme na maji ya kutosha, hadi Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Bomet ilikuwa na hoja: anayepanga akiwa mbali hupanga asichokijua. Ila hoja hiyo ikishushwa ngazi moja humgeukia gavana yeyote. Kaunti inapochora ramani ya hospitali mpya, mkulima wa Konoin huko Bomet au mchuma chai wa kaunti jirani ya Kericho huulizwa lini?

Kisheria, jibu halina utata. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za afya pamoja na wajibu wa kuwashirikisha wananchi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai wapewe habari na nyaraka kwa wakati. Mahakama nazo zimeonyesha meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa maana, na Jaji George Odunga akataka wananchi wafikiwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kupitia redio za lugha za mama. Tangazo la gazetini pekee halitoshi. Kesi ile ilihusu kodi, lakini naona hospitali inastahili masharti makali zaidi, kwa kuwa kodi mbaya hurekebishwa mwaka unaofuata ilhali jengo lililowekwa mahali pabaya hukaa hapo miaka hamsini.

Na mahali ndilo swali ambalo wenyeji hulijibu vizuri kuliko mhandisi. Ramani huonyesha kilomita. Haionyeshi mteremko ambao bodaboda haiwezi kuupanda mvua ikinyesha, huku mama mjamzito akiwa amekaa nyuma. Tena Bomet na Kericho si nchi moja ya kijani kama picha za watalii zinavyodai. Ndani ya Bomet, Chepalungu ni kukavu kuliko Konoin, na huko Kericho wakazi wa tambarare za Soin hupambana na malaria kuliko walio kwenye baridi ya juu. Kuna pia wafanyakazi wanaoishi katika nyumba za kampuni za chai, wengi wao wakiwa wametoka kaunti nyingine. Hawana shamba wala ukoo hapa, hivyo mzee wa kijiji akiombwa majina ya wajumbe huenda asiwakumbuke, ingawa watakuwa kwenye foleni ileile ya wagonjwa. Isitoshe, majani mabichi hayalazwi. Lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Baraza linaloitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi limekwisha kuwafungia mlango wanawake walio shambani, hata kama daftari la mahudhurio limejaa sahihi.

Wenye shaka husema mkulima hawezi kuamua idadi ya vyumba vya upasuaji. Ni kweli, na hakuna anayemtaka aamue. Lakini tazama Tenwek, hospitali ya misheni iliyo karibu na mji wa Bomet. Mwaka 1983, ikielemewa na wagonjwa wa maradhi yanayoweza kuzuilika, ilianzisha mpango wa afya ya jamii uliofanya kazi na vijiji vyenyewe. Madaktari waliendelea kupasua. Wanakijiji walishughulikia maji safi, vyoo na chanjo. Leo eneo hili linajulikana kwa wingi wa saratani ya umio, na wagonjwa wengi hufika chakula kikiwa hakipiti tena. Daktari anajua kutibu uvimbe. Kwa nini mtu alikaa nyumbani miezi kadhaa, iwe ni nauli, hofu au dawa za mitishamba, ni jamaa zake wanaojua, na jibu lao ndilo linaloamua kama fedha ziende kwenye wodi kubwa mjini au kwenye uchunguzi wa mapema katika zahanati.

Pingamizi zito zaidi ni la siasa: kila wadi itataka hospitali iwe kwake, na mwenye sauti kubwa atashinda. Hatari hiyo ipo. Tumeona zahanati za harambee, na baadaye za fedha za maeneobunge, zikijengwa kwa shangwe kisha zikakosa wauguzi. Hata hivyo, kasoro ile ilitokana na watu kuulizwa kama wanataka jengo bila kuonyeshwa gharama ya kuliendesha. Waonyeshwe hesabu za mishahara na dawa za miaka mitano, wapewe maeneo mawili matatu ya kulinganisha kabla kiwanja hakijanunuliwa, kisha kaunti ichapishe maoni yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, kila moja na sababu yake, na nakala zibandikwe katika vituo vya kununulia majani chai, ambako wakulima hufika na mzigo wao mwaka mzima.