Ukoko: kitafunio kinachozaliwa chini ya sufuria

Ugali ulikuwa umeshapinduliwa kwenye sinia, sukuma imeshapakuliwa, na macho ya kila mtu yalikuwa kwenye chakula isipokuwa ya mtoto mmoja. Yeye alichuchumaa kando ya jiko akiitazama sufuria tupu. Nyanya yake, gogo kama wanavyomwita huku Litein, kaunti ya Kericho, alikuwa ameirudisha juu ya makaa yaliyobaki bila kuongeza hata ukuni mmoja. Dakika ikapita, ya pili ikapita, kisha ukaanza mlio mwembamba kama wa majani makavu yanayokanyagwa. Ukingo wa gamba jeupe ukajikunja, ukaachana na alumini, na punde gamba zima likabanduka, kavu, lenye umbo la sufuria yenyewe.

"Gogo, umetoka!"

Huo ndio ukoko. Siku hizi nyumba nyingi haziusubiri mlio huo. Sufuria hujazwa maji, hulazwa imelowekwa, na asubuhi hukwanguliwa uji mzito unaoishia kwa mbwa au mtaroni. Ni ugali uleule, wa unga uleule, ulionunuliwa kwa pesa ileile. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, zikiwemo sehemu zisizolika kama maganda na mifupa, na asilimia 60 ya mzigo huo ilitoka majumbani. Tunapolaumu masoko na mahoteli, tukumbuke pia sufuria zetu wenyewe.

Je, wajua kwa nini ugali hushika chini? Unga wa mahindi kwa sehemu kubwa ni wanga, uliofungwa katika chembe ndogo mno. Maji yakifika kati ya nyuzijoto 62 na 72, chembe hizo hunywa maji, huvimba na kuachia wanga unaonata kama gundi. Ugali hata ukisongwa na mkono hodari namna gani, tabaka jembamba hubaki limeng'ang'ania sufuria, na tabaka hilo ndilo linalopokea moto wote.

Hapa mwinuko wa nchi ya chai nao una neno. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo maji huchemka yakifika kama nyuzijoto 93, si 100 kama Mombasa. Ugali wenye unyevu haupiti sana hapo, hata uchochee kuni za mkaratusi mpaka ziishe, kwa kuwa joto la ziada huondoka na mvuke. Maji ndiyo mlinzi wake. Tabaka la chini likishakauka, mlinzi ameondoka: joto hupanda kwa kasi, na likikaribia nyuzi 140 huanza jambo jingine kabisa. Sukari kidogo zilizomo kwenye unga hukutana na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na kutoka hapo huzaliwa mamia ya kemikali mpya zenye rangi ya hudhurungi na harufu inayomwita mtu jikoni kabla hajaitwa.

Mmenyuko huo una jina la Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Mkemia Mmarekani Mweusi, John Hodge, ndiye aliyeupangia hatua zake mwaka 1953, akifanya kazi katika maabara ya serikali mjini Peoria, Illinois, jimbo la wakulima wa mahindi. Napenda kufikiri kwamba mtu wa nchi ya mahindi angeuelewa ukoko wa gogo bila kuelezwa.

Toka nje ya jiko hilo jioni, upepo ukiwa unatoka upande wa kiwanda cha chai, utakutana na ndugu wa harufu hiyo. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai, na safari yake humalizikia kwenye kikaushio, ambamo hewa ya moto hupulizwa kutoka chini ya majani mpaka unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Weusi na ukali wa chai huletwa hasa na vimeng'enya kabla ya moto. Lakini sehemu ya ile harufu inayotanda mabondeni huzaliwa palepale kwenye joto, kwa mmenyuko wa Maillard. Hata busaa, pombe ya nafaka, imo katika ukoo huu, maana unga wake uliochachuka hukaangwa kwanza kwenye bati mpaka ubadilike rangi.

Unga nao una maneno yake. Unga mweupe wa pakiti hutoa ukoko mwepesi unaovunjika kama biskuti. Wa kusaga kwa posho mill, wenye pumba na kiini, una mafuta zaidi na utamu wa kukaangwa. Mimi nikiulizwa, nitachagua wa mahindi yaliyochanganywa na wimbi, wenye rangi ya udongo na uchungu mdogo mwishoni. Na kwa sababu ukoko umekauka, ukiufungia kwenye kopo lisiloingia hewa hukaa siku kadhaa bila kuota ukungu, jambo ambalo ugali wenyewe hauwezi.

Kwingineko hakuna anayeuonea haya. Wairani huupika wali makusudi ili wapate tahdig, na mgeni ndiye hupewa kipande kikubwa. Wahispania wana socarrat chini ya paella. Kule pwani, anayepalia wali makaa juu ya kifuniko hupata ukoko wa juu na wa chini, na watoto hugombania wote. Wakorea wana nurungji, na siku hizi huuzwa madukani ndani ya pakiti. Ukoko wa ugali wa Kericho na Bomet unastahili pakiti yake pia, kando ya krispi za viazi.

Lakini kuokoa chakula kuna mipaka miwili, nayo si ya kuchezea. Wa kwanza ni rangi. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vikipata moto mkali huunda akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na kadiri chakula kinavyozidi kuungua ndivyo inavyoongezeka. Kula ukoko wa rangi ya dhahabu, mweusi uache. Wa pili ni mahindi yenyewe. Sumukuvu, ile aflatoksini iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, haiondolewi na moto wa jikoni. Mahindi yaliyoota ukungu hayawi salama kwa kusongwa wala kwa kukaushwa chini ya sufuria.

Jambo moja zaidi, nalo gogo analijua bila maabara. Mahindi yana upungufu wa laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, na mmenyuko wa Maillard hula sehemu ya hiyo kidogo iliyopo. Maziwa yana laisini tele. Ndiyo maana nilifurahi kuona alivyougawa ukoko ule. Aliuvunja kwa mkono vipande sita, akamimina chai ya maziwa kwenye vikombe na mursik, yaani maziwa ya kuchachushwa, kwa aliyetaka, na mtoto aliyesubiri akapewa kipande cha katikati, kile chenye rangi nzuri kuliko vyote. Alikichovya, akakitoa kabla hakijalainika, akatafuna kwa sauti.

Sufuria ilikuwa bado ina joto. Gogo aliisuuza kwa kikombe kimoja cha maji, akaifunika juu ya uchanja, ikawa safi.