Je, Wajua? Bingwa Aliyeiaga Pikipiki

Je, wajua ya kuwa Gary Hocking, aliyezaliwa Wales mwaka 1937 na kulelewa Bulawayo, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, alitwaa ubingwa wa dunia wa mwaka 1961 katika daraja mbili kwa pamoja, ile ya cc 350 na ile ya cc 500, akipanda pikipiki za MV Agusta za Italia? Mwezi wa Juni 1962, katika mashindano ya kisiwa cha Man, ambako njia ya maili 37 na zaidi hupita baina ya kuta za mawe na milango ya nyumba za watu, sahibu yake Tom Phillis wa Australia alipata ajali akafariki. Naye Hocking, ingawa siku zile zile alishinda shindano lililo kubwa kuliko yote, aliazimia kuiacha pikipiki abadan. Azma hiyo, kwa rai yangu, ilihitaji ushujaa uliozidi ule wa kushinda.

Lakini ajali haina kinga. Alihamia mbio za motokaa, na tarehe 21 Desemba 1962, alipokuwa katika mazoezi karibu na Durban, gari lake liliacha njia, akafa akiwa na umri wa miaka 25.